Bunduki Ambayo Babu Alikataa Kuishika

Juzi seremala mmoja hapa jirani alikuwa anapiga randa kipande cha mti kilichokaa jikoni kwa mtu miaka mingi, juu ya moshi. Mimi nilikuwa napita tu na kikapu changu cha sokoni. Ile harufu ikanishika pua: moshi wa zamani, na ndani ya moshi kuna utamu fulani, kama asali iliyoungua kidogo. Nikasimama katikati ya barabara kama mjinga. Seremala akaniuliza, "Dada, unataka kiti ama unataka mume?" Siku ingine ningemjibu mpaka ajute. Wanaonijua wanajua mdomo wangu. Lakini hiyo siku nilikuwa mbali. Nilikuwa nimesharudi Voi, kwa landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, nina miaka kama kumi hivi, na baba yangu ameketi kwa ngazi anachonga kitako cha bunduki.

Nitawaambia hii habari vile ilikuwa. Shule mimi niliacha mapema, mengine nimejifunza kwa kusoma magazeti ya kufungia sukari, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa. Na mkiona nimekasirika mahali, mniache nikasirike. Itapita.

Bunduki ilikuwa ya Babu, baba ya baba yangu, aliyekaa Kasigau chini ya mlima. Ilikuwa ya mitutu miwili, kuukuu kuliko Baba mwenyewe, ile aina ya nyundo mbili za nje unazovuta kwa kidole gumba, krak, krak. Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge alimwachia wakati alikuwa anarudi kwao, na serikali ikampa Babu kibali cha kulindia shamba. Kule Kasigau ndovu si hadithi ya kitabuni. Ni jirani mbaya. Unapanda mahindi na pojo, zile ndengu za kijani, unapalilia mpaka mgongo unakufa, halafu wiki ile unangoja kuvuna, wanateremka kama watu walioalikwa karamu. Babu alikuwa anapanda juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti cha kulindia, anapiga risasi moja hewani, anangoja, anapiga ya pili. Hakuwahi kuua hata mmoja. Alisema ndovu wa kule wanaijua sauti ya bunduki yake vile mtoto anajua sauti ya mamake akiwa na fimbo. Na si shamba lake peke yake. Watu wa upande ule wote walikuwa wanapata usingizi kwa sababu ya ile bunduki.

Msimu mmoja wa mvua Babu aliteleza akishuka dungu, bunduki ikamtoka mkononi, na ndovu mmoja aliyekuwa anakimbia akaikanyaga. Babu alipona kwa kujibanza nyuma ya jiwe. Bunduki haikupona. Kitako kilipasuka vipande vipande, mtutu wa kushoto ukabonyea, nyundo moja ikakatika. Ikalala matopeni na mvua siku kadhaa kabla hajaweza kurudi kuiokota. Alifunga vile vipande kwa gunia akavitupa darini.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, la sivyo mtapotea. Wakati huo Babu na Baba walikuwa hawaongei. Baba alikuwa ameokoka. Alikuwa fundi kwa shedi ya reli Voi, mtu wa spana na Biblia. Nyanya yangu alipokufa, wazee wa kule walitengeneza mbangara, ile pombe yetu ya miwa, ya kukalia matanga. Baba alifika, akaona mtungi uko mlangoni mwa mamake, akaupiga teke mbele ya wazee wote. Mbangara ikamwagika mpaka kwa miguu ya Babu. Babu hakusema kitu. Alitazama miguu yake tu, akaingia ndani.

Kwetu Taita mzee akinyamaza hivyo, watu wanaogopa kuliko angepiga kelele. Hasira ya mzee ikikaa kifuani haikai bure, inafanya kazi, inamfuata aliyeisababisha. Ndiyo maana kuna kutasa. Mwenye hasira anachukua funda la mbangara, au la maji, analitema nje kama mvua ndogo, fyuuu, huku anatamka kwamba hasira itoke na amani ibaki. Na yule aliyemkasirikia lazima awepo. Akae hapo chini, yale matone yamguse. Babu alimngoja Baba aje akae hapo chini. Baba hakuja. Kwa watu wake waliookoka, kutasa na kuabudu mizimu ilikuwa kitu kimoja.

Lakini Baba aliposikia bunduki imevunjika, hakungoja kuitwa. Aliomba ruhusa kazini, akapitia polisi kuomba kibali cha kuibeba na kuitengeneza, akanishika mkono. Tulishuka Maungu, tukapanda lori iliyobeba mabati, barabara mbovu mpaka meno yangu yaligongana njia nzima.

Tulimkuta Babu kwa kigoda chake, anamenya muhogo. Karibu naye alikuwa dada yake mdogo aliyekuwa anampikia tangu Nyanya afe. Sote tulimwita Shangazi Mkamburi, ingawa kwangu mimi alikuwa nyanya.

Baba akavua kofia. "Shikamoo, Mzee."

Babu akaendelea na muhogo wake. Halafu akaniangalia mimi. "Mke wangu, naona umeniletea mgeni. Mpe kiti."

"Babu, huyu si mgeni. Ni Baba."

"Nimesema mpe kiti."

Nikampa. Baba akakaa, akakohoa. "Wakesho, mwambie Babu nimesikia habari ya bunduki."

"Babu, anasema amesikia habari ya bunduki."

"Mwambie habari zake zinachelewa kama treni zake."

"Baba, anasema habari zako zinachelewa kama—"

"Nimesikia! Mimi si kiziwi!" Baba akanifokea.

"Sasa mbona mnanituma na mko hapa wote wawili? Kwani midomo mmeiweka wapi?"

Shangazi Mkamburi alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Babu nilimwona, kona ya mdomo ikacheza kidogo. Baba akasema polepole, kama mtu anavuka mto, "Mwambie naweza kuitengeneza."

Kisu kikasimama kwa muhogo. Babu akakipangusa kwa goti. "Mwambie iko darini. Kama anaweza kufufua maiti, aichukue."

Basi tukarudi Voi na gunia.

Ile kazi ilikula miezi. Baba alikuwa anatoka shedi jioni, ananawa grisi ya reli, anaanza grisi ya bunduki. Kwanza aliifungua yote, akaloweka vyuma kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria kubwa ya Mama. Mama akaweka mikono kiunoni. "Hiyo sufuria nilipewa siku ya harusi. Leo inapika bunduki! Kesho itapika nini, injini?" Baba akamwambia avumilie, bunduki haina mifupa, itaiva haraka. Baba alikuwa hatanii hivyo. Mama alinitazama, mimi nikamtazama.

Mtutu uliobonyea aliutengeneza kwa namna ambayo mpaka leo naiona. Alichonga kipande cha shaba kwa mashine ya shedi, mviringo, kinaingia ndani ya mtutu barabara, kikipakwa mafuta kinateleza. Akakisukuma mpaka chini ya pale palipobonyea, akawa anagonga juu na nyundo ndogo, tik, tik, tik, anakisogeza mbele kidogo, anagonga tena. Hakutumia nguvu. Wakati wa kugonga alikuwa anaimba nyimbo za kanisa bila maneno. Nyundo iliyokatika alichonga ingine kwa chuma cha spana mbovu, tupa mkononi, mpaka ikafanana na dada yake na huwezi kusema ipi ndiyo ngeni.

Ajabu kubwa kwangu ilikuwa ile rangi. Alisugua mitutu mpaka ikawa nyeupe, halafu, wanangu, akaitia kutu makusudi! Aliipaka dawa kali aliyochanganya mwenyewe, akaiacha bafuni kwenye unyevu. Asubuhi nikaikuta nyekundu kama udongo wa Voi. Nikamkimbilia nikilia, Baba, imeharibika! Akacheka. Aliweka mfereji wa bati juu ya majiko ya makaa, akaujaza maji ya mvua, akaichemsha mitutu humo, na ile kutu nyekundu mbele ya macho yangu ikageuka nyeusi. Akaipiga brashi, akaitia kutu tena, akaichemsha tena, mara nyingi, mpaka ikawa na weusi wa kina, ule wa manyoya ya kunguru juani.

Ikabaki kitako. Likizo nilipopelekwa Kasigau, Babu aliniuliza juujuu, kama mtu anauliza habari ya mvua, "Na yule fundi wako, kitako atakitoa wapi?"

"Anasema kuna mbao ya behewa bovu."

"Mbao ya behewa!" Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na gogo jeusi kwa masizi. Lilikuwa mzeituni wa mwituni, lilikaa juu ya moto tangu Nyanya yuko hai. Shangazi Mkamburi akashika kichwa. "Kaka, hilo si ulisema la kigoda chako cha uzeeni?"

"Kwani sasa niko ujanani?" Akanipa mimi. "Mwambie bunduki yangu haitakalia kiti cha reli."

Nilimpa Baba lile gogo. Alilikwangua masizi kwa kidole, akalinusa. Alilala mapema hiyo siku. Kesho yake akaanza kuchonga, na nyumba yote ya landi ikanuka jikoni kwa Nyanya. Alichonga, akapiga msasa, akapaka mafuta ya linsidi kwa kiganja cha mkono, anasugua mpaka kiganja kinapata moto. Mimi nilidhani anatengeneza bunduki. Nilikuwa namwona ana furaha, na nilijua, kabisa, kwamba hawa wawili wamepatana tayari, imebaki tu kuambiana.

Tuliirudisha pojo zikiwa zimeanza kufunga, Baba ameshaijaribu na askari huko nyuma ya mawe, mitutu yote miwili inalia sawa. Alikuwa ameifunga kwa shuka. Aliifungua mbele ya Babu, akaiweka kwa mkeka.

Babu aliinama. Mikono yake ilikuwa nyuma. Aliitazama toka mdomo mpaka kitako, akashuka kwa magoti yake mabovu, akanusa ule mti. Macho yake yakawa na maji. Lakini hakuigusa.

"Mke wangu, mwambie..." akaanza. Halafu akainua uso, akamtazama Baba mwenyewe. Mara ya kwanza tangu ule mtungi. "Mwanangu. Umefanya kazi. Sasa kaa hapo chini, tumalize hii kitu." Akamgeukia dada yake. "Mkamburi, leta kibuyu."

Baba hakukaa. "Baba, hiyo siwezi. Hayo niliyaacha. Tuombe pamoja, mimi na wewe, hapa hapa."

"Omba. Nitakungoja umalize. Halafu nitatasa."

"Siwezi kukaa chini yake."

Babu akafikiri. "Basi si mbangara. Ni maji. Maji ya kisima, yale uliyokunywa ukiwa mtoto."

Nyinyi hamjui hilo lilikuwa neno kubwa kiasi gani. Mzee wa umri ule, mbele ya dada yake na mjukuu, anapunguza. Hata mimi mtoto nilijua. Nikapiga kelele, "Baba, si ukae tu! Ni maji!"

"Nyamaza, Wakesho." Akamgeukia Babu. "Si pombe, Baba. Ni kitu chenyewe. Niliapa mbele ya watu."

Kuku walikuwa wanaparura karibu na mkeka. Shangazi amesimama na kibuyu, hajui akirudishe ama akilete. Mwishowe Babu akasimama, akishika ukuta.

"Itundike pale ukutani. Mimi siishiki."

"Baba, mimea inakomaa! Ndovu watakuja!"

"Nimesema siishiki."

Baba aliitundika. Misumari ilikuwa ile ile ya zamani. Halafu akatoka bila kuaga, akatembea mbele yangu mbio mpaka Rukanga kwenye lori, mgongo tu, hageuki hata nikijikwaa. Nikasema moyoni, tazama vile amekasirika. Amenyimwa sifa yake.

Pojo zilipokauka tulipata habari. Aliileta jirani mmoja wa Babu, Mwakio, aliyekuja na lori ya asubuhi, akasimama mlangoni kwa landi na kofia kifuani. Ndovu walishuka. Babu alitoka na debe na kijinga cha moto. Watu walisikia debe likilia, likilia, halafu likanyamaza. Mwakio alisema, na sijui kwa nini alisema hivyo, pengine hakujua la kusema, "Bunduki tuliikuta ukutani. Nzuri sana."

Mama alipiga nduru. Baba alikaa kwa ngazi, mahali alipokuwa anachongea, akatazama viganja vyake.

Nilimchukia. Siwezi kuwarembea. Nilikuwa na Babu mmoja duniani, aliyeniita mke wake na kuniwekea muhogo wa kuchoma kwa majivu, na nikajua ni nani alimuua. Aliuawa na mtu aliyeogopa matone ya maji. Baada ya mazishi bunduki ilirudishwa polisi, na serikali ilipokuja kupiga marufuku uwindaji, hakuna mtu wa kwetu aliyeiulizia tena. Mimi nikakua na hasira yangu. Baba akiniuliza kitu namjibu kupitia kwa Mama, "Mwambie ndiyo," "Mwambie hapana," na yeye amekaa pale pale. Nilipopata nguvu ya kujitegemea nilihamia Mwatate. Nikija nyumbani namsalimu kama mtu wa posta. Mtu akimsema Babu vibaya, kwamba alikuwa mkaidi, mzee wa kiburi aliyekufa na bunduki nzima ukutani, nilikuwa tayari kupigana. Na nilipigana, waulizeni watu wa Mwatate.

Mwaka jana nilienda kumwona Shangazi Mkamburi. Macho yake yameisha, lakini vidole vinajua kazi. Tulikuwa tunapura pojo, nikaanza kama kawaida yangu kumlaani Baba. Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

"Wewe unafikiri kaka yangu alikataa ile bunduki kwa nini?"

"Si ni kwa sababu Baba alimdharau?"

"Kaka yangu aliogopa."

"Babu? Kuogopa ndovu?"

"Ndovu gani! Aliogopa kumuua baba yako." Akapepeta pojo, akapuliza maganda. "Ile bunduki ilikuwa kazi ya mikono ya mwanawe, toka mwanzo mpaka mwisho. Mlipoondoka aliniambia, nikiipiga na hasira bado iko hapa kifuani, haitapiga hewa, itampiga mwanangu huko alipo. Kila asubuhi alitoka na maji mdomoni, akaelekea upande wa Voi, akatasa. Anarudi ananiambia, Mkamburi, bado, haijatoka, mtu mwenyewe hayupo. Kila asubuhi. Mpaka ile siku."

Pojo zilikuwa zinanitoka mikononi. Nikamuuliza kama Baba anajua.

"Baba yako alizaliwa kwa hii nyumba. Mzee akisema siishiki, unadhani yeye alisikia nini? Alipita hapa mlangoni analia kama mtoto. Wewe hukumwona?"

Sikumwona. Nilikuwa nyuma, naangalia mgongo.

Nilirudi Voi na gari la kwanza nililopata. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, mimi wa maneno, na kila nililopanga lilikuwa linavunjika. Kwa miaka yote hiyo alijua. Alijua baba yake amechagua debe na moto ili yeye abaki mzima. Angeweza kuniambia siku yoyote, akajitetea, nikanyamaza. Hakuniambia. Aliniacha nimchukie, na nadhani aliona ni haki yake, kama mtu anayekaa chini hatimaye, matone yamguse.

Nilimkuta kibarazani, amezeeka, mwili umelalia upande mmoja. Akamwita Mama ndani, "Mwambie Wakesho chai iko."

"Nimesikia, Baba," nikamwambia. "Mimi si kiziwi."

Akanitazama. Tukanywa chai. Sikumweleza nilikotoka, na hakuuliza, lakini alikuwa anaona vumbi la Kasigau kwa viatu vyangu. Na mimi pale, na kikombe changu, ndipo likaniingia jambo ambalo mtoto wa miaka kumi asingeweza kulijua na mwanamke mzima nilikataa kulijua: miaka yote nimeshika upande wa Babu, nimegombana na dunia kwa ajili yake, na kumbe Babu mwenyewe alikuwa upande wa Baba.